Barafu ya Kisarawe

Tulikutana tena msibani, na jambo la kwanza aliloniambia Deo baada ya miaka yote hiyo ni, "Mama Nasra, bado una hasira?" Nikamwambia ninazo, asogee nichote maji. Wanaume walikuwa mbele chini ya turubai, sisi wanawake uani na masufuria, kwa hiyo alinivizia pale kwenye mapipa. Amenenepa. Injinia Mbwana naye alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha plastiki, ndevu siku hizi nyeupe zote, na alipoinua mkono kunisalimia nikaona macho yake yamevimba. Aliyefariki alikuwa Bi Mwanahamisi, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu watatu. Alikuwa bibi wa Kisarawe aliyetuachia shimo lake la udongo mweupe mwaka mzima tuligeuze kuwa ncha ya kusini ya dunia. Deo akaninong'oneza neno moja tu, "Ufagio," na mimi nikacheka mpaka maji yakanimwagikia miguuni. Wanawake waliokuwa wakiosha mchele wakageuka, mmoja akasema, "Hawa nao." Haya, sisi nao. Acha nieleze tulikuwa tunacheka nini.

Sitaanza na nilikozaliwa wala nani alinilea, hayo hayakusaidia kitu. Baba yake Nasra hayumo katika simulizi hii kwa sababu hakuwamo katika mwaka huo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mimba chini ya sweta la shule, nikajifungua, matokeo yakatoka, fizikia nimewapita wavulana waliokuwa wakiniomba niwaonyeshe, na wao wakaenda kidato cha tano. Mimi nikaambiwa, "Tulia ulee." Kila mtu alikuwa na sentensi hiyo. Muuza duka, nesi wa kliniki, rafiki zangu, hata watu nisiowajua walioniona tu njiani na kanga ya kubebea. Tulia ulee. Kana kwamba kulea ni ugonjwa wa kulazwa. Siku hizi nikiwaona wasichana wenye watoto mgongoni pale kwetu Mkuza, Kibaha, natamani kuwasimamisha niwaambie wasitulie, lakini naogopa watadhani nimechanganyikiwa. Mwaka ule nilikuwa na hasira za kupasua sahani, na kwa bahati nzuri nilikuwa nimepanga chumba ambacho ukuta wake haukufika juu.

Chumba chenyewe kilikuwa Mkuza, uani, nyuma ya karakana ya kuchomelea ya Injinia Mbwana. Ukuta wa tofali za bloku uliishia kwenye linta, juu yake upenyo mpaka kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa karakana nilikisikia kama nimekalishwa katikati yao. Mchana walichomelea mageti na madirisha. Jioni, mafundi wakishaondoka, wanabaki Injinia na Deo, kijana aliyetoka Dar na kompyuta yake mgongoni, wanaanza mambo mengine. Mwanzoni nilidhani wanazungumzia madini. Mawe, mawe, mawe. Kisha nikasikia barafu. Kisha nikasikia roboti. Nilikuwa nimekaa kitandani namnyonyesha Nasra, sahani ya mihogo ya kuchemsha na chachandu pembeni, na nikasahau kula. Walikuwa wanabishana kama roboti yao ipite mistari kama mtu anayelima matuta, au izunguke kutoka katikati kwenda nje. Deo anasema mistari, Injinia anasema mzunguko, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Nikashindwa kuvumilia. Nikapiga kelele kupitia ule upenyo, "Kwani mawe yamekaa vipi? Mngejua kwanza mawe yamekaa vipi!"

Kisha sauti ya Injinia, ya upole kabisa, "Shemeji, karibu chai."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Hakuna aliyenifanyia usaili. Nilienda na mtoto, na sahani yangu ya mihogo, na Injinia akanieleza huku akichora kwa chaki kwenye bamba la chuma. Vimondo, mawe yanayotoka angani, yanaanguka dunia nzima. Huku kwetu yakianguka yanapotelea kwenye nyasi na matope, utayatafuta mpaka uzeeke, labda liwe kubwa kama lile la Mbozi tulilofundishwa shuleni. Lakini Antaktika, kwenye ncha ya kusini, ardhi yote ni barafu, na jiwe jeusi juu ya barafu linaonekana kama nzi kwenye maziwa. Kisha akasema jambo lililonifanya niweke sahani chini. Barafu ile haikai. Inatembea polepole sana, inabeba mawe iliyoyameza toka zamani, inafika kwenye mlima inakwama. Pale ilipokwama upepo unaila kila siku, inapungua, na mawe yanabaki juu, mengi, sehemu moja. Usiangalie kote. Ujue barafu inatoka wapi inakwenda wapi, ukasubiri pale inapoyatupa. Nikamwambia, "Sasa si ndilo nililouliza?" Deo akasema, "Oya, huyu mkali." Nikamwambia ajue hivyo toka leo.

Kulikuwa na wanasayansi wa nje waliokuwa wanapanga safari isiyo na watu. Mashine tupu. Badala ya kupeleka binadamu wakatetemeke wiki nyingi wakiokota mawe, wapeleke roboti ndogo ndogo za bei nafuu, moja ikitumbukia kwenye ufa isiwe msiba. Walikuwa wamealika vikundi vidogo kutoka nchi mbalimbali, kila kikundi kije na mashine yake, dereva wake na mpango wake wa kutafuta, wapimwe. Sharti la kipimo lilikuwa moja na lilikuwa kali: dereva akae mbali, aendeshe kwa picha zinazochelewa kufika kama zitakavyochelewa kutoka kule, na asizungumze na mtu yeyote aliyeko kwenye eneo. Kule barafuni hakutakuwa na mtu wa kumpigia simu. Injinia aliposema hivyo nilijua kiti ninachokitaka. Sikuwa nimeomba hata kazi, lakini nilikitaka kile kiti cha dereva kama mtu anavyotaka maji. Mtu kukaa Mkuza, uani, na jicho lake liko mwisho wa dunia. Nani angeniambia nitulie?

Roboti tuliipa jina Chongo kwa sababu kamera ilikuwa moja. Ilikuwa na magurudumu sita ya toroli la mtoto, mwili wa bati, na mkono mfupi wenye sumaku mwishoni, maana vimondo vingi vina chuma ndani. Shida yetu ya kwanza ilikuwa kwamba hatuna barafu. Deo alitandika mashuka meupe uani, kuku wakapita, Chongo likasoma nyayo za kuku siku nzima. Tukajaribu chokaa, mvua ikanyesha. Siku moja wamekata tamaa, tumekaa tunakula ugali na kisamvu, na mimi nikakumbuka kitu kutoka mdomoni. Kweli kabisa, kutoka mdomoni. Nilipokuwa na mimba nilikula udongo, ule mweupe wanaouita pemba, unauzwa sokoni kwa vipande, sikuweza kulala bila kuutafuna. Nikamuuliza Injinia, "Ule udongo wa wajawazito unachimbwa wapi?" Akasema Kisarawe, huko vilimani, yako mashimo ya zamani. Tonge likabaki mkononi. Deo akatuangalia mmoja mmoja. "Mashimo meupe?" akauliza. "Meupe kama nini?" Nikamwambia, "Meupe pee. Nimeyala mimi."

Nakumbuka kushuka kwenye lile shimo mara ya kwanza kama wengine wanavyokumbuka harusi yao. Unapita mikorosho na mifenesi, kijani kila upande, kisha ardhi inafunguka na ni nyeupe, kuta nyeupe, sakafu nyeupe pana kama uwanja wa mpira wa watoto, jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Nasra alifumba macho akapiga chafya. Mimi nilipiga vigelegele, peke yangu, mwangwi ukanirudia. Juu kwenye ukingo akatokea bibi mrefu mwembamba, kanga kiunoni, kisu cha kumenyea fenesi mkononi, akauliza nani ameolewa shimoni kwake. Ndiye Bi Mwanahamisi. Injinia akaamkia, "Shikamoo Bi Mkubwa," akaitikiwa marahaba, akaanza kueleza kwa adabu zote. Bi Mwanahamisi alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya fenesi, mikono imepakwa mafuta kwa ajili ya ulimbo. Kisha akasema, "Vimondo si ndivyo wanavyopigwa navyo mashetani?"

"Wanasema hivyo, Bi Mkubwa," Injinia akajibu.

"Na nyie mnakwenda kuviokota."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

Akafikiri. "Haya. Likishampiga shetani limekwisha kazi yake, okoteni tu. Lakini huyu mtoto mmemfunika vibaya, mleteni hapa."

Basi mwaka ulikwenda hivyo, Chongo Kisarawe, mimi na Deo tukipokezana, mmoja shimoni kulinasua likikwama, mmoja Mkuza kwenye kompyuta. Tulimwaga shimoni kila kitu cheusi: kokoto, mkaa, chenga za chuma kutoka karakana, ili Chongo lijifunze kukataa. Wiki za mwanzo lilishangilia kila kitu. Siku moja nilikuwa Mkuza, taa ya kijani ikawaka kwenye kioo, kimondo, kimondo, kimondo, vingi mno kwa mstari, nikampigia Deo kwa furaha akachungulie. Akarudi kwenye simu anahema kwa kicheko. "Mama Nasra, hongera. Mbuzi wa Bi Mwanahamisi amepita." Betri nazo zilitaka kujaribiwa kwenye baridi, na baridi Kibaha inakaa kwenye friza ya Mama Samaki, jirani yetu aliyekuwa akiuza kambale wa Ruvu na barafu za ukwaju. Tulizilaza betri humo kati ya samaki tuone kama zitakufa. Zilipona, ila Chongo lilinuka kambale mpaka mbwa wakawa wanalifuata. Mama Samaki alikuwa akipita karakana anauliza, "Mwenzangu amekwisha safiri au bado yuko na samaki wangu?" Nilicheka mwaka ule kuliko nilivyowahi kucheka, na nilikuwa na hasira palepale, vyote viwili vikachemka chungu kimoja.

Kuendesha nilimshinda Deo. Sisemi kwa majivuno, Deo mwenyewe atakwambia. Yeye alikuwa mkali wa programu, ndiye aliyelifundisha jicho, lakini kwenye kiti hakuweza kusubiri. Unatuma amri, mbele kidogo, kulia kidogo, halafu unakaa. Picha inakuja baada ya muda wa kunywa kikombe cha chai, na muda wote huo hujui mashine iko wima au imepinduka. Deo alikuwa anatuma amri ya pili kabla ya picha ya kwanza kufika, na ya tatu, halafu Chongo linalala chali kama mende. Mimi nilikuwa natuma, nageuka, nabadilisha nepi, nageuka tena, picha iko pale.

Sasa wale wanasayansi wa nje walipotangaza wanakuja kutupima, jioni moja nikiwa chumbani nikasikia juu ya ukuta. Injinia anasema, "Siku hiyo utakaa wewe, Deo." Deo anasema, "Lakini Injinia, yeye anaendesha vizuri." Injinia anasema, "Najua. Ana mtoto mchanga. Mtoto atalia mbele ya wageni, wataona hatuko makini." Yule mtu aliyenikaribisha chai. Sikupita mlangoni, nadhani nilipita ukutani. Nilimwambia, "Injinia, shikamoo, nimesikia."

"Marahaba, Mama Nasra. Kaa kwanza."

"Sikai. Deo amepindua Chongo mara ngapi? Mimi nimepindua mara ngapi?"

"Si suala la uwezo, mwanangu. Wewe lea kwanza, nafasi nyingine zita..."

"Usiseme!" Nilipiga meza, bisibisi zikaruka. "Usimalizie hiyo sentensi. Wote wameshaimaliza, wewe usiimalize. Hii kazi mimi na huyu mtoto tumeifanya pamoja. Hata hilo shimo mmelipata kwa sababu ya mimba yake! Nikikosea, nikaliangusha, niondoe. Lakini usiniondoe kwa sababu nanyonyesha."

Deo alikuwa amejificha nyuma ya kompyuta. Injinia aliinama akaokota bisibisi moja moja. Nilimheshimu kwa alichosema baadaye, na namheshimu mpaka leo, maana watu wazima wachache hugeuza kauli mbele ya vijana. Alisema, "Sawa. Kiti ni chako. Lakini likishindikana, Mama Nasra, hatutachaguliwa, na mimi sitakuwa na kisingizio kingine. Umenielewa?" Nikamwambia nimemwelewa.

Wageni walikuwa wawili, Dokta Lene, mama wa makamo mwenye mashavu mekundu, na msaidizi wake asiyesema sana. Walikuja na kimondo cha kweli. Sikuwa nimewahi kukishika. Kilikuwa kidogo kama limau, kizito kuliko kilivyopaswa, na ngozi nyeusi isiyong'aa, kama ganda la mkate ulioungua. Dokta Lene alituambia kimeazimwa na kinarudi, akaniwekea kiganjani, na mimi nikakipeleka puani kwa Nasra anuse. Siku ya kuamkia kipimo msaidizi na Deo walikwenda Kisarawe wakakitega shimoni pamoja na mawe ya kawaida na mkaa, wakapiga picha kila kimoja kilipo, na sisi Mkuza hatukuruhusiwa kuziona. Deo akabaki kulala huko kwa jirani. Injinia naye alikuwa amempigia Bi Mwanahamisi kuomba ruhusa upya, kama ilivyo desturi, akamwambia kwa adabu zake zile, "Bi Mkubwa, kesho wageni wakubwa kutoka Ulaya watapaangalia hapo kwako kwa kamera." Nilimsikia akisema hivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka.

Asubuhi Nasra yuko mgongoni kwangu, amelala. Dokta Lene kushoto, Injinia nyuma amesimama, shati limepigwa pasi kama bamba. Mama Samaki ameleta maandazi na chai ya tangawizi na kukataa kuondoka. Nikatuma amri ya kwanza. Tukasubiri. Picha ikaja: nyeupe. Nikatuma ya pili. Nyeupe. Niligeuza jicho kulia, nikageuza kushoto. Nyeupe, nyeupe. Hakuna kokoto, hakuna mkaa, hakuna hata kinyesi cha mbuzi. Dokta Lene akaandika kitu. Msaidizi wake akasogea mbele, akakunja uso, akamwangalia bosi wake, na hapo nikajua kwamba hata yeye aliyetega haelewi. Picha iliyofuata jua lilikuwa limepiga kwa ubavu, na nikaona. Mistari. Mistari midogo, mingi, imejikunja kama nusu ya mwezi, mmoja kando ya mwingine mpaka mwisho wa picha. Mtu yeyote aliyekulia huku anaijua. Mama Samaki aliyekuwa mlangoni ndiye aliyetamka, na andazi mdomoni. "Mbona pamefagiwa?"

Wageni wanakuja, Bi Mwanahamisi amefagia. Bila shaka amefagia! Angeachaje kufagia? Amewaamsha wajukuu na majirani alfajiri, fagio za chelewa, wamefagia Antaktika yote mpaka ukingoni. Na kimondo cha watu, cha kuazimwa, kimekwenda na taka.

Simu ya Injinia ikaanza kuunguruma mezani. Jina la Deo. Injinia akanyoosha mkono. Nikasema, "Usipokee."

"Mama Nasra, wamefagia, lazima tusimamishe, tuweke upya..."

"Barafuni hakuna simu. Ukipokea tumeshindwa. Usipokee!"

Ile kelele ikamwamsha Nasra, akaanza kulia, kilio kile kile alichokihofia Injinia, mbele ya wageni walewale. Nikamfungua mgongoni nikampa ziwa, mkono mmoja kwenye kompyuta. Alikataa. Alitaka kushangaa watu. Nikamnyooshea mtu wa karibu, na mtu wa karibu alikuwa Injinia Mbwana, shati limepigwa pasi, mtoto mkono huu, simu inaunguruma mkono ule. Hakupokea. Mpaka leo namwona vile, anamtikisa mwanangu na kutoa macho kwenye kioo.

Tulikuwa na mpango wa kupita mistari, tumeupanga wiki nyingi. Nikauacha. Mtu anapofagia, kila ufagio unapoishia unaacha tuta dogo la vumbi upande ule anaosukumia. Nikaangalia tuta liko wapi. Lilikuwa upande wa kushoto, kila mstari. Kwa hiyo fagio zimetoka kulia, upande wa njia ya wageni, zimekwenda kushoto. Nikaliambia Chongo lifuate. Mbele, subiri. Mbele, subiri. Kila picha tuta linazidi kunenepa, majani mawili matatu, ganda la korosho, na mimi nilikuwa nasema kwa sauti bila kujijua, "Inakwama wapi, Bibi, inakwama wapi," na Mama Samaki anaitikia, "Jaani! Inakwama jaani!" Na kweli. Chini ya mkorosho, penye ukuta wa shimo, lundo. Maganda ya fenesi, majivu, majani, kokoto zetu zote, mkaa wetu wote, uchafu mtupu. Jicho la Chongo lilikuwa limefundishwa kuangalia vyeusi juu ya vyeupe, halijawahi kuona jaa. Likasema si kimondo. Nikalizungusha upande wa pili. Si kimondo. Nikalirudisha nyuma, nikalizungusha mpaka jua likawa mgongoni kwake, nikasubiri, na ile picha ilipokuja taa mbili za kijani ziliwaka kwa mpigo, mbili, na kimondo kilikuwa kimoja.

Jiwe la kwanza lilikuwa na kona inayong'aa. La pili lilikuwa halina mng'ao wowote, limejikalia chini ya ganda la fenesi kama lililotukanwa. Nilijua ninalolitaka, lakini kujua haikutosha, na mkono ukiangukia pabaya lundo lingeporomoka. Nilituma amri ya mkono. Nikakunja vidole vya miguu. Chai ya Dokta Lene ilikuwa imepoa hajaigusa. Picha ikafika: mkono wa bati, sumaku mwishoni, na kwenye sumaku limening'inia lile limau jeusi, limebandikwa kipande cha fenesi.

Mama Samaki alipiga vigelegele mpaka mafundi wakaingia na miwani ya kuchomelea usoni. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, sijui nilipandaje. Dokta Lene akauliza ni nini kimetokea kule, na nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne kwamba bibi amefagia barafu. Akalizungusha akilini, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Akasema kule nako ndivyo ilivyo, kitu kinafagia, na kazi yote ni kujua kimesukumia upande gani. Akauliza nani alibuni kufagia, kipimo kizuri namna ile. Injinia alimhamishia Nasra bega la pili, tukamwangalia wote, kisha akasema ukweli, kwamba hakuna aliyebuni, ni bibi na ufagio wake tu. Halafu yule mama akaninyooshea kalamu, akamuuliza Injinia, "Huyu ndiye dereva wenu?" Injinia Mbwana, shati lote limelowa mate ya mwanangu, akasema, "Ndiye." Sijawahi kupewa cheti kinachozidi neno lile.

Jioni tulikwenda Kisarawe wote. Deo alikuwa amekaa ukingoni kama mfiwa, hajui kilichotokea, maana hakuna aliyempokelea simu, na tulipomwambia alinibeba juu juu. Nilimwendea Bi Mwanahamisi nimejiandaa kugomba. Alikuwa anajipepea na ncha ya kanga, ametulia kabisa.

"Bibi, mbona ulifagia mawe yetu?"

"Wageni wanaangalia kwangu, mimi niache mawe na mikaa imetapakaa? Wakaseme nini huko kwao?"

"Bibi, lile lilikuwa kimondo!"

"Mmeliona hamkuliona?"

"Tumeliona."

"Basi ugomvi uko wapi? Jiwe mmeliona na kwangu kumeonekana kusafi. Lete mtoto."

Tulichaguliwa. Kupanga kulichukua miaka mingine, Deo akarudi Dar, mashine zikaboreshwa, mpaka Chongo likapata jicho la pili na jina likabaki. Sasa masanduku ya mashine yameshaondoka, na likishushwa tu kwenye barafu ya kweli mimi nitakuwa kwenye kiti, chumba kilekile Mkuza, ukuta bado haujafika juu. Bi Mwanahamisi alikuwa akiniuliza kila nikienda, "Mmeshafika?" Nilitaka sana nimwonyeshe picha ya kwanza. Hilo ndilo linanipa hasira sasa, na sina wa kumgombeza.

Pale kwao uwanja haufagiwi mpaka matanga yaondolewe. Siku ilipofika, bintiye mkubwa alitoka ndani na ufagio wa chelewa wa marehemu, akawapita shangazi na wakwe, akaja kunipa mimi. "Wewe ndiye uliyegombana naye kwa habari ya kufagia," akasema. "Fagia wewe." Nikainama, nikaanzia mlangoni, nikashuka na uwanja wote, Deo na Injinia wakinyanyua miguu yao na viti. Nasra, ambaye sasa yuko darasa la pili na ana maswali, alinifuata nyuma akikanyaga mistari. Nilifika jaani, chini ya mkorosho uleule wa ukingoni mwa shimo. Sikusukumia ndani. Nilichuchumaa, nikaanza kupekua mawe meusi kama Chongo.

"Mama, unatafuta nini?"

"Chuchumaa na wewe," nikamwambia. "Shika upande ule."